Meli ya Usiku kwenda Krete

Tangu Septemba 2011 hadi safari ya Krete ninayoisimulia hapa, mama yangu hakupanda tena meli ya usiku. Hakulitangaza jambo hilo wala hakulifanyia kikao. Tuliligundua wenyewe kwa kuona kila safari ya Pemba ikipangwa kwa boti ya asubuhi, au kwa ndege ikiwa nauli imepatikana, na kama vyote viwili havipo, safari inaahirishwa. Mazishi ya shemeji yake aliyakosa kwa sababu hiyo, na jambo hilo lilimuuma. Mtu aliyezaliwa Wete, aliyekulia katikati ya majahazi ya karafuu, akawa anauliza kwanza saa ya kuondoka kabla hajauliza bahari ikoje.

Kilichomfikisha hapo kinajulikana kwa kila Mzanzibari. MV Spice Islander I iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kwenda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi, wengi wao wakirudi makwao baada ya Idi. Iliruhusiwa kuchukua abiria mia sita na kidogo. Baada ya saa saba usiku, katika mkondo wa Nungwi, ikapinduka. Ndani yake alikuwamo dada yetu, mtoto wa mama mkubwa, amempakata mwanawe ambaye alikuwa hajaanza hata kutambaa. Dada alipatikana, tukamzika. Mtoto hakupatikana.

Maiti walikuwa wakiletwa viwanja vya Maisara ili watu wawatambue, na Mama alikuwa pale kutwa. Alipokwenda kumwandikisha yule mtoto miongoni mwa waliopotea, karani mmoja akamuuliza ana ushahidi gani kwamba mtoto alikuwamo melini. Tiketi hakuwa nayo, kwa kuwa mtoto wa kupakata halipi. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Mama alisimama mbele ya meza ile hana la kujibu, na naamini kwamba hofu yake ya meli ilianzia hapo zaidi ya kule baharini. Maji angeweza kuyasamehe, maana alizaliwa nayo. Kuambiwa kwamba mtoto yule huenda hakuwapo kulimshinda.

Sasa kuhusu Ugiriki na jinsi tulivyofika huko. Kaka yangu mkubwa aliondoka nyumbani akiwa kijana, wakati ule vijana wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja walipokuwa wakienda Piraeus kutafuta meli. Ubaharia ulikuwa njia ya maisha, na bandari ya Piraeus ilijulikana vijiweni kwetu kabla hata ya kujulikana Athens yenyewe. Kaka alizunguka na meli za mizigo, kisha akapata kazi ya sitaha kwenye meli za abiria zinazopeleka watu visiwani, akaoa Mgiriki, akatulia katika mtaa wa Kypseli, Athens, ambako Waafrika wengi wanaishi. Mkewe, wifi yangu, ni mtu wa Chania, mji ulioko magharibi ya kisiwa cha Krete. Watoto wao wamekua, na wazazi wa wifi walikuwa hawajawahi kuonana na mama yetu. Kwa desturi zetu hilo ni deni. Kwa desturi za Wakrete nalo ni deni, tena kubwa.

Kwa hiyo tulipokwenda Athens, mimi, Mama na wanangu, mwishoni mwa Agosti, safari ya Chania ilikuwa lazima. Ndege ipo, haifiki hata saa moja. Lakini Agosti ni mwezi ambao Wagiriki wote wanakwenda visiwani na nauli ya ndege kwa familia nzima ilikuwa haishikiki. Meli inaondoka Piraeus usiku na kufika alfajiri. Gari linaingia, mizigo inaingia, na watoto wanalala njiani. Kaka alilieleza jambo hilo mezani kwa sauti ya chini, huku akimtazama Mama. Mama akajibu kwamba yeye atabaki Athens na wifi, sisi twende tukamsalimie mkwe kwa niaba yake.

"Mama, wifi ndiye mwenyeji wetu huko," nikamwambia. "Atabakije hapa?"

"Basi nitabaki peke yangu. Mkate upo, maji yapo."

Siku ya pili yake tukaenda kukata tiketi. Siku hizi zinakatwa kwa simu, lakini Kaka ni mtu wa zamani, ana wakala wake karibu na kituo cha treni cha Victoria, nasi tukamfuata hadi pale, Mama akiwa pamoja nasi kwa sababu ya kunyoosha miguu tu. Mwanamke wa makamo aliyekuwa nyuma ya meza akaomba pasipoti zetu zote. Akaziandika moja moja kwenye kompyuta yake, jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa. Alipomaliza akamnyooshea kidole kitinda mimba wangu aliyelala begani pangu. Na huyu? Nikamwambia huyu bado mdogo, halipi. Akasema anajua kwamba halipi, ila anataka jina lake. Nikampa. Mashine ikatoa tiketi kama za wengine, yenye jina la mwanangu kwa herufi kubwa, na mahali pa bei pameandikwa sifuri.

Mama aliichukua tiketi ile akaisoma. Hakusema kitu mle ndani. Tulipokuwa njiani, jua la Athens likichoma lami, akamuuliza Kaka kwa nini wameandika jina la mtoto asiyelipa.

Kaka akamweleza vile ambavyo baharia angemweleza nahodha wake. Meli ikipatwa na shida, akasema, jambo la kwanza linalotakiwa nchi kavu ni hesabu ya watu, na la pili ni majina. Kwa hiyo nahodha haondoki gatini kabla abiria hawajahesabiwa, na kwa safari ya zaidi ya maili 20 za baharini majina yao hubaki nchi kavu kwa watu wenye jukumu la kuyatunza. Hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1998, na ilitoka kwenye maafa. Mwaka 1987 meli iitwayo Herald of Free Enterprise ilipinduka nje kidogo ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kwa sababu iliondoka milango yake ya omo haijafungwa, wakafa watu 193. Mwaka 1994 meli iitwayo Estonia ilizama usiku katika Bahari ya Baltiki, wakafa 852. Kila mstari wa sheria ile, alisema Kaka, umeandikwa baada ya watu kufa.

Mama akatembea kimya mpaka tukafika kwenye kivuli cha miti. Ndipo akasema, "Haya. Tutapanda."

Piraeus ni bandari kubwa mno kwa mtu aliyezoea bandari yetu ya Malindi, Unguja. Milango yake imepewa namba, E1 na kuendelea, na meli za Krete ziko upande wa mbali, kwa hiyo wasio na gari huzungushwa kwa basi ndani ya bandari. Wauzaji wa mikate ya duara yenye ufuta walikuwa wakipita kwenye misururu ya magari. Palikuwa na askari vijana wanaorudi kambini, wanafunzi wenye mikeka ya kulalia, mapadri wenye ndevu na kanzu nyeusi, kina mama wenye mabeseni yaliyofungwa kwa vitambaa, ambayo Mama aliyatambua bila kuambiwa kuwa ni chakula cha njiani. Sisi nasi tulikuwa na kapu letu: chapati, mayai, na samaki wa kukaanga aliyepikwa na wifi kwa maelekezo ya Mama, kwa sababu nyama asiyojua imechinjwaje Mama hakuitaka.

Meli ilikuwa imeshusha mlango wake wa tezi juu ya gati. Malori yalikuwa yakiingia kinyumenyume, moja baada ya jingine, huku serehangi akipiga filimbi na kupunga mikono. Abiria wa miguu huingia kwa mlango huo huo, pembeni, halafu hupanda ngazi hadi juu. Mama alisimama. Nikadhani hofu imemrudia. Kumbe alikuwa akitazama chini ya malori. Mabaharia wawili walikuwa wamepiga magoti wakifunga minyororo: upande mmoja kwenye ekseli ya lori, upande mwingine kwenye tundu lililochomelewa sakafuni, kisha wanakaza kwa wenzo mpaka mnyororo unalia. Lori moja minyororo kadhaa, mbele na nyuma. Wakimaliza hilo, wanakwenda la pili.

"Wanafunga hata kama bahari imetulia?" Mama akauliza.

"Huku baharini wanajua kwa nini wanafunga, Mama," Kaka akajibu. "Nitakwambia juu."

Alimwambia baada ya Isha. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na suala la kibla. Meli tayari ilikuwa imetoka, taa za Piraeus zimebaki nyuma, kisiwa cha Aegina kiko kulia kwetu. Mwanangu wa kwanza akatoa simu yake kutafuta kibla kwa dira iliyomo, sindano ikawa inazunguka haitulii, kwa maana meli yote ni chuma. Kaka akacheka, akamwambia mpwawe aiweke simu mfukoni. Meli inakwenda kusini, akamweleza. Makka iko kusini mashariki ya hapa. Simama uelekee omo, kisha geuka kushoto nusu ya robo ya duara. Mama akatandika kanga yake juu ya zulia la chumba chetu, akasali Magharibi na Isha kwa kukusanya, Isha akaipunguza, kama sheria inavyomruhusu msafiri. Alipotoa salamu alikuwa ametulia kuliko nilivyomwona tangu asubuhi.

Tulikuwa na chumba chenye vitanda vya juu na chini, lakini nusu ya abiria hawakuwa na chumba. Walilala kwenye viti vya kuegemea, kwenye mazulia ya veranda za ndani, kwenye sitaha wakiwa wamejifunika mablanketi dhidi ya upepo. Upepo ulikuwa ule wanaouita Meltemi, unaovuma kutoka kaskazini miezi ya kiangazi. Nikamwambia Mama kwamba wakati kwetu ni Kusi, kwao huvuma kutoka upande wa pili. Akauliza kama unazidi Kusi kwa nguvu. Kaka akamjibu kwamba ukizidi kiwango fulani kwenye kipimo cha Beaufort, mamlaka ya bandari hupiga marufuku meli kuondoka, na abiria hulala bandarini hata kama nahodha anaapa kwamba anaweza. Amewahi kukaa hivyo bandarini mara nyingi. Watu hulalamika, huwatukana makarani, lakini meli haiondoki.

Ndipo akatusimulia kuhusu Heraklion. Tulikuwa tumekaa sitaha ya nyuma, upande uliokingwa na upepo, watoto wamelala na wifi yuko nao. Meli iliyoitwa Heraklion iliondoka Souda, bandari ya Chania, jioni ya tarehe 7 Desemba 1966, ikija Piraeus. Njia ni hii hii tuliyokuwa nayo, ila yenyewe ilikuwa ikitoka tunakokwenda. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Ndani yake mlikuwa na lori la jokofu lililobeba machungwa, na halikufungwa sawasawa. Usiku wa manane lori likachomoka, likawa linakwenda na kurudi kila meli inapoyumba, likigonga mlango wa ubavuni wa kuingizia magari hadi mlango ukaachia. Maji yakaingia sitaha ya magari. Meli ilizama kwa muda mfupi sana, karibu na kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Falkonera. Walikufa zaidi ya watu 200. Waliookolewa hawakufika hata 50. Na idadi kamili ya waliokufa hadi leo vitabu havikubaliani, kwa sababu hesabu ya waliopanda haikuwa ya kuaminika.

Mama alimkatiza hapo. "Hata wao?"

"Hata wao, Mama."

Baadaye Kaka alisimama, akaelekeza mkono gizani, upande wa kushoto wa meli. Palikuwa na taa moja ndogo inayowaka na kuzimika. Alisema ndio usawa wa Falkonera. Mama alisoma Fatiha kwa watu asiowajua, Wagiriki wa mwaka 1966, na aliposema amin hakurudi ndani. Alitaka kusikia yaliyofuata.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wakrete walikasirika. Mahakama iliwatia hatiani wakuu wa kampuni ya Typaldos, iliyomiliki meli hiyo, na mwenye kampuni akafungwa. Watu wa Chania hawakuishia kwenye hukumu. Mwaka 1967, miezi michache tu baada ya msiba, wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya meli, ANEK. Askofu Irineos wa Kissamos, mji mdogo magharibi ya Chania, alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza waumini wake. Mkulima wa mizeituni alinunua hisa, mwalimu alinunua, mwenye duka alinunua, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 1970 wakapata meli yao ya kwanza, Kydon, wakaitia kwenye njia ile ile iliyowaua ndugu zao. Baba yake wifi alikuwa miongoni mwa walionunua. Alikuwa kijana, hisa zake zilikuwa chache, lakini alikuwa akizitaja kwa Kaka namna watu wanavyotaja shamba waliloachiwa na babu.

Sijui tukio lolote lingine ambalo msiba wa watu wa kisiwa uligeuka chombo cha kusafiria namna hiyo. Sisi tulilia, tukasoma hitima, tukazika waliopatikana, tukaunda tume. Sisemi hayo hayakuwa na maana. Lakini chini ya mwaka mmoja baada ya Spice Islander, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Na kabla yake, kwenye Ziwa Victoria, MV Bukoba ilikuwa imezama Mei 1996, na baada yake, Septemba 2018, MV Nyerere. Kila mara tunayataja majina ya meli. Ya abiria hatuyajui yote.

Kuna jambo jingine ambalo Kaka alilisema usiku ule na ambalo Mama alikuwa halijui. Spice Islander ilijengwa Ugiriki. Ilijengwa mwaka 1967, mwaka ule ule Wakrete walipoanzisha kampuni yao, na kwa miongo kadhaa ilikwenda na majina ya Kigiriki, kwanza Marianna, kisha Apostolos P., kabla ya kuuzwa mwaka 2007 na kubadilishwa jina. Mama aliduwaa. Kwa miaka yote alikuwa akiamini kwamba meli ile ilikuwa na mkosi, kwamba ilijengwa vibaya tangu mwanzo. Kumbe ilikuwa meli ya huku, iliyozeeka ikibeba watu wa huku wanaohesabiwa. Ilipofika kwetu ilikuwa na kikomo cha abiria kilichoandikwa. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba gatini hapakuwa na mtu wa kusimama mlangoni na kusema sasa basi, imetosha.

Isije ikadhaniwa kwamba nawasifu Wagiriki kana kwamba usalama umo katika damu yao. Kaka mwenyewe alikuwa Piraeus tarehe 26 Septemba 2000, usiku meli iitwayo Express Samina ilipogonga miamba ya Portes karibu na kisiwa cha Paros. Miamba ile ina taa, kila baharia anaijua. Milango ya kuzuia maji mle ndani ilikuwa imeachwa wazi, na uchunguzi ulionyesha kwamba daraja la kuongozea meli halikuwa na uangalizi uliotakiwa. Habari zilizagaa kwamba baadhi ya mabaharia walikuwa wakitazama mpira kwenye televisheni. Walikufa zaidi ya watu 80. Kaka anasema asubuhi ile Piraeus ilikuwa kama Malindi: jamaa wa wasafiri wamejaa, wanataka majina. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu Heraklion na watu walikuwa wameanza kulegea. Sheria ikabanwa upya. Mabaharia wanaopiga magoti chini ya malori wanafanya hivyo kwa sababu kuna anayewakagua, na kwa sababu abiria wa pale wakiona lori halijafungwa watapiga kelele.

Tuliingia ghuba ya Souda kabla jua halijatoka. Kushoto na kulia milima, maji yametulia kabisa, na katikati ya ghuba kisiwa chenye ngome ya kale. Kutoka hapo hadi Chania ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Baba na mama wa wifi walikuwa wamesimama barazani tangu alfajiri. Ya siku zile kwa Wakrete nikiyaandika yote sitamaliza: mbuzi aliyechinjwa kwa mkono wa Kaka ili Mama ale, mafuta ya zeituni juu ya kila kitu, jibini, matikiti, na majirani wakija kumtazama bibi kutoka Afrika ambaye naye aliwatazama bila haya. Kulipokucha walikuwa wakimwita mama kwa Kigiriki, naye akiwaitikia kwa Kiswahili, na kahawa ilikuwa lugha ya kutosha.

Mji wa kale wa Chania una mtaa wa pwani uitwao Koum Kapi, nje ya kuta. Kaka alitupeleka huko kwa makusudi. Wakati wa utawala wa Waosmani waliishi hapo watu weusi Waislamu wenye asili ya Afrika, makuli wa bandari na waendesha mashua, na watu wa mji waliwaita Halikoutes. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu kwa misingi ya dini, karibu wote waliondolewa. Mmoja wao aliyebaki na kupendwa na mji mzima, Salis Helidonakis, alifariki mwaka 1967. Mama alitembea pale polepole, akiuliza msikiti wao ulikuwa wapi, walizikwa wapi. Nilitamani kuwa na majibu zaidi ya yale aliyokuwa nayo Kaka.

Magharibi ya bandari ya kale iko sanamu ya kuwakumbuka waliokufa na Heraklion. Ni mkono mkubwa ulionyanyuka, mkono wa mtu anayezama. Mama mkwe wa Kaka ndiye aliyempeleka Mama, wakaenda wawili tu mbele yetu, wameshikana. Ndugu wa kiume wa yule mama alikuwamo melini. Alikuwa mwanafunzi, anarudi Athens kwenye masomo. Hakupatikana. Wifi alinitafsiria alichokuwa akikisema: kwamba kwa wiki nyingi mama yao mzazi alikataa kuvaa nguo nyeusi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumthibitishia kama mwanawe alipanda au alibaki. Kisha akapatikana jirani aliyemwona akipanda. Mama yetu alipotafsiriwa hayo alimjibu mwenzake kwa kumweleza habari za Maisara na za yule karani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisimulia jambo hilo mbele ya mtu asiye wa kwetu, na alilisimulia lote, hadi rangi ya nguo aliyokuwa amevaa mtoto.

Tulirudi Piraeus kwa meli ya usiku vilevile. Mama alikata tiketi yake mwenyewe, akasubiri mpaka akaona jina la mjukuu wake limetoka kwenye karatasi, ndipo akaondoka dirishani. Usiku ule alilala. Na aliporudi Unguja, mwezi haukwisha akaenda Pemba, ingawa kwa boti ya mchana, kwa kuwa hatujafika mahali ambapo naweza kumsihi apande ya usiku kwa moyo mweupe.

Nimezungumza na wanaofanya kazi bandarini tangu nirudi. Boti kubwa za Dar na Unguja siku hizi huandika jina kwenye tiketi na kudai kitambulisho, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu lilipatikana kwa gharama tunayoijua. Lakini bado ziko mashua na boti za mbao zinazovusha watu kwenye visiwa vidogo na kwenye maziwa yetu, usiku na mchana, na humo mtu hupanda kwa kutoa nauli mkononi, na mtoto hupanda kwa kubebwa. Serikali ina wajibu wake na tuudai. Abiria naye ana wake, na huo hausubiri bunge.

Wewe unayesafiri kwa maji, ukifika kwenye dirisha la tiketi taja jina la kila mtu uliye naye, na la mtoto mchanga litaje kwanza. Ukiambiwa mtoto halipi kwa hiyo haandikwi, usiondoke dirishani mpaka aandikwe. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, teremka, nauli yako idai nchi kavu. Na ukiona lori au mzigo haujafungwa, mwite baharia umuulize, hata kama nyuma yako kuna mtu anayekuharakisha.